Ukoo wa Katubuka: mbwa Komando anahara

Dada Zawadi, 06:41
Habari za asubuhi wanafamilia. Komando bado anahara, wiki ya pili sasa. Bibi yuko na Tumu tu, usiku kucha wanadeki baraza. Naomba elfu tano tano, aende kwa daktari wa mifugo LEO

Dada Zawadi, 08:15
Naona tiki za bluu tu

Ba'mdogo Sefu, 08:52
Komando gani anashindwa vita na tumbo 😂

Kelvin, 08:53
Kamaliza mawese ya Bibi huyo

Dada Zawadi, 08:53
Kelvin acha utani. Mbwa ana miezi minne

Shangazi Pendo, 09:10
Mpeni Flagyl nusu kidonge. Wa jirani yangu alipona

Eliya SUA, 09:31
Shikamooni. Shangazi, dawa ya watu kwa kukadiria hapana, naomba. Da Zawadi, anatapika? Kuna damu?

Dada Zawadi, 09:34
Hatapiki. Damu hakuna. Tumu anasema choo kinateleza kama mlenda na kinanuka sana. Siku mbili kinashika, kisha yale yale. Ila anaruka ruka

Eliya SUA, 09:40
Basi haifanani na parvo, kile kirusi cha mbwa. Parvo haingoji wiki mbili, siku chache tu mbwa kalala, anatapika na kuhara damu. Hii ya kwenda na kurudi, mara nyingi ni minyoo, giardia (vijidudu vya utumbo) au chakula. Dawa ya minyoo alipewa lini? Anakula nini?

Tumu, 09:47
dawa sijui. anakula maziwa ya chai na vichwa vya migebuka na dagaa wa kukaanga

Kelvin, 09:48
Ananishinda mimi 😭

Eliya SUA, 09:55
Maziwa na vya mafuta vikome leo. Wali mlaini na kuku wa kuchemsha, bila mifupa wala chumvi, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maji yasikosekane. Tumu, vuta ngozi ya mgongoni halafu achia. Ikichelewa kurudi, au fizi zikiwa kavu, usingoje mtu, nipigie. Choo cha leo kiwekwe kwenye kopo safi, daktari akipime kwa darubini. Na unawe kwa sabuni, minyoo ya mbwa inaingia hata kwa watoto. Chanjo ya kichaa akishapona

Ba'mdogo Sefu, 10:20
Kuku?? Sisi Pasaka tulikula dagaa

Dada Zawadi, 10:21
Ba'mdogo umechangia?

Ba'mdogo Sefu, 10:26
Nitume kwa nani? Zisije zikapita njia ya hela za bati

Shangazi Pendo, 10:27
Sefu!

Dada Zawadi, 10:27
Nitaje jina basi. Risiti niliiweka humu humu

Ba'mdogo Sefu, 10:29
Risiti ya bati kumi na mbili. Tulichangia ishirini

Shemeji Rashidi, 11:02
Nimetuma elfu kumi. Kumbeba jamani siwezi, mnanijua

Tumu, 14:05
bibi anasema niandike hivi hivi. Mbwa sikuomba. Mlimleta nyie wezi walipovunja banda. Bati nimeziona, zinavuja. Sitaki elfu tano za kwenye simu, nataka mtu aje hapa kwa miguu yake.

Shangazi Pendo, 15:20
Tumekusikia mama

Ba'mdogo Sefu, 15:44
Shikamoo mama

Dada Zawadi, 15:45
Nani anakwenda? Mimi niko Kasulu hadi Ijumaa. Kelvin una pikipiki

Kelvin, 17:48
Breki ya nyuma imekufa. Na mwenye kuhara nampakiaje 🤣

Eliya SUA, 17:50
Boksi na magazeti. Au daktari aje nyumbani, ndiyo vizuri zaidi

Ba'mdogo Sefu, 18:03
Bwana mifugo wa kata namfahamu. Nitamcheki

Dada Zawadi, 18:03
Lini?

Tumu, 19:10
ngozi inarudi haraka. ila kaiba kichwa cha mgebuka kwa mama Asha

Dada Zawadi, 20:36
Ba'mdogo umempigia?