Filamu ya mtaa: nani aamue kionekane nini?

Mleta mada:
Ndugu zangu, vijana wa mtaani kwetu hapa Pwani wametengeneza filamu fupi kuhusu moshi wa kiwanda jirani. Wamerekodi wenyewe kwa simu, na nawapongeza. Ila kuna mtoto mgonjwa kaonyeshwa uso mzima, jina la mamake limeandikwa chini. Tangu niione sina raha.

Owino Uhuru, Mombasa, mnaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwalisha watu sumu ya madini ya risasi hadi kikafungwa 2014. Kesi ilibebwa na vipimo vya damu na udongo. Mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo! Sasa uso wa mtoto unaongeza nini, zaidi ya kumwandama mpaka shuleni?

Mchangiaji wa kwanza:
Mwenzangu, hapo sikubaliani nawe. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alimsema mwanawe mwenyewe hadharani, kwamba amekutwa na risasi mwilini. Baadaye watoto wengine nao wakapimwa. Damu haipimwi kama hakuna aliyetishika kwanza. Aibu ni ya aliyemwaga sumu, mgonjwa asifichwe.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishania uso, mimi nafikiria baraza la wananchi. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, megawati 1,050, ilifutwa Juni 2019, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapo ndipo kamera ina kazi. Rekodi kikao chote: nani kaalikwa, karatasi gani zimegawiwa, zimeelezwa kwa lugha gani, mzee aliyeuliza kuhusu samaki kajibiwa nini. Haina machozi wala muziki, lakini mwekezaji akidai aliwashirikisha, rekodi mnayo. Na faili la mwanzo msiliguse, hata kulifupisha. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza rekodi ilivyopatikana na kifaa kilichotumika. Vijana wengi wanabaki na kipande cha dakika mbili cha kusambaza, kile kirefu wamekifuta simu ikijaa.

Mleta mada:
La baraza nimelipokea, nitawafikishia. Kwa Omido, yeye ni mzazi, alipima akaamua mwenyewe. Mama wa mtaani kwetu hakuulizwa. Filamu aliiona siku moja na sisi, imeshazagaa kwenye simu za watu. Ningetaka ionyeshwe kwanza uani kwake, mwenyewe aseme hapa kateni, hapa acheni, ndipo itoke kwenda kwa waandishi na mawakili. Mtakaosema hilo litachelewesha mapambano, nijibuni: mtoto huyo akifika miaka kumi na minane, akataka uso wake utolewe, aende kwa nani?