Mrejesho: smudhi ya matunda bila maziwa imekubali

Ndugu zangu, wiki jana niliuliza jinsi ya kutengeneza smudhi ya embe na nanasi isiyo na maziwa, kwa sababu mwanangu akinywa maziwa tumbo linajaa gesi na kumsokota. Yangu ilikuwa inajitenga: maji chini, povu juu.

Mlionishauri niache barafu, asanteni sana. Kosa lilikuwa hapo, maana barafu ikiyeyuka ni maji tu. Jumamosi nilipita soko la Kibuye nikanunua maembe ya ngowe, nanasi na ndizi zilizoiva mpaka zikawa na madoa meusi. Nikamenya, nikakata vipande vidogo, nikavitandaza kwenye sinia visigusane, vikalala kwenye friza usiku kucha. Ukivirundika kwenye mfuko kabla havijaganda vinashikana kama jiwe, na blenda ya nyumbani haiwezi.

Asubuhi nilitangulia kumimina tui zito la nazi, robo tatu kikombe, ndipo nikaweka embe vikombe 2, nanasi kikombe 1, ndizi 2 na ndimu kidogo. Vipande niliviacha nje dakika 10 kwanza. Nilisaga kwa vipindi, nikizima na kukoroga kwa mwiko.

Ndizi ndiyo siri. Ikigandishwa na kusagwa inakuwa laini kama krimu. Kijiko kilisimama wima kwenye glasi. Sukari sikutia hata chembe.

Mtoto alimaliza glasi 2 na tumbo limetulia. Kwa joto hili la Kisumu, leo nimegandisha sinia lingine, safari hii na mapera.