Muhali umenitenga na sahibu yangu: nilisubiri au nilimeza?

Mwana wa Wete:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 23, ni mzaliwa wa Wete, na sasa nimo mwaka wa tatu wa chuo hapa Unguja. Mimi na sahibu yangu tumesoma pamoja tangu kidato cha kwanza, tumelala dakhalia moja, tumevuka bahari pamoja, na tukapanga chumba kimoja upande wa Tunguu ili tupunguze gharama. Siku moja, tukiwa barazani na wenzetu wapya, aliwasimulia namna marehemu baba yangu alivyokuwa akikopa unga dukani kwao. Hakukusudia ubaya, kwake ilikuwa ni hadithi ya kuchekesha, watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao huku kifua kikiniwaka.

Sikumwambia kitu. Nilijiambia kwamba mwanamme hustahamili, na nilimuonea muhali, yaani niliona haya kumkabili nisije nikamuudhi, kwa sababu mama yake amenilea kama mwanawe. Kila aliponiuliza mbona nimepoa, nilimjibu kwamba nimechoshwa na masomo. Wiki tano baadaye umeme wa Tukuza ulituishia usiku, zamu ya kununua ikiwa ni yake, nami nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine yakimgusa mama yake huyo huyo. Asubuhi alikusanya nguo zake akahamia kwa jamaa zake Mwanakwerekwe, na hadi leo hatusemezani.

Tumelelewa kwa kuambiwa kwamba subira huvuta heri, na mimi nilisubiri wiki tano. Je, nilikosea kusubiri, au nilikosea kusema?

Mshauri Nasaha:
Wa alaykum salaam mwanangu. Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa vijana, na ugomvi wa namna hii huletwa kwangu mara nyingi kuliko ugomvi wa mapenzi. Kwa maoni yangu wewe hukusubiri, ulimeza. Mambo hayo mawili kwa nje yanafanana kabisa, kwa sababu yote yana ukimya ndani yake, lakini moyoni yanakwenda njia mbali mbali.

Mtaalamu wa saikolojia James Gross, wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, pamoja na mwenzake Oliver John, walitoa utafiti mwaka 2003 wakitenganisha njia mbili za kuitawala hisia. Njia ya kwanza ni kulitazama upya jambo lenyewe kabla hisia haijakomaa, kwa mfano kujiuliza kama sahibu yako alikuwa anakudhalilisha au alikuwa anajitafutia nafasi mbele ya wageni kwa kutumia hadithi ya nyumbani. Njia ya pili ni kuiacha hisia iwake huku uso ukifichwa. Waliozoea njia ya kwanza walionekana kuwa na urafiki wa karibu zaidi, na wala hawakuwa watu wa kunyamaza, kwani ndio waliowashirikisha wenzao furaha na huzuni zao. Waliozoea kuficha walikuwa na ukaribu mdogo na watu wachache wa kuwategemea. Mwaka 2009 Gross na wenzake walichapisha utafiti mwengine uliowafuatilia vijana walipokuwa wanaingia chuo kikuu, na ukaonesha kwamba waliokuwa wakificha hisia walimaliza muhula wa kwanza wakiwa na msaada mdogo wa marafiki na ukaribu mdogo nao.

Nataka uzingatie na hili, kwa sababu linamhusu sahibu yako. Emily Butler na wenzake, mwaka 2003, waliwakutanisha wanawake wasiojuana, wawili wawili, wazungumze juu ya filamu ya kuhuzunisha, na baadhi yao wakaagizwa kwa siri wafiche hisia zao. Shinikizo la damu lilipanda hata kwa yule mwenziwe aliyekuwa hajui lolote kuhusu agizo hilo, na hamu yake ya kufanya urafiki ikapungua. Basi mtu aliyelala chumba kimoja nawe kwa wiki tano, akiuliza na kujibiwa kwamba ni masomo, usidhani alikuwa na utulivu. Yeye pia alikuwa anabeba mzigo, ila hakuwa na jina la kuupa.

Mzee wa Chake:
Nimesoma maneno ya bibi mshauri na nayaheshimu, lakini sitaki vijana wetu waondoke hapa wakiamini kwamba muhali ni ugonjwa. Sisi tunaishi visiwani. Mtu uliyemvunjia heshima leo ndiye utakayekaa naye mkeka mmoja kesho mazikoni, na huenda keshokutwa akawa shemegi yako. Muhali umeziokoa nyumba nyingi zisigombane kwa maneno ya kupita, na mimi mwenyewe nimenufaika nao.

Kosa la kijana huyu, kama nilivyolielewa, ni kuutumia muhali pasipo mwisho. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Mimi huona kwamba muda huo una hikima kubwa ndani yake, kwani umekubali kwamba binaadamu hukasirika na huhitaji nafasi ya kupoa, kisha ukaweka mpaka. Hata kabla ya siku hizo kuna mafunzo ya papo hapo: aliyeghadhibika akiwa amesimama na akae, na kama haikumtoka basi alale. Wewe ulikuwa unacheka barazani, na baraza nzima ikaamini kwamba hukughadhibika.

Mtafute mtu mzima mnayemheshimu nyote, amwendee. Usiende wewe kwanza, maana maneno uliyoyasema juu ya mama yake bado ni mabichi.

Ukhti wa Makunduchi:
Kaka yangu, naomba niongeze upande mmoja ambao hukuutaja. Katika wiki hizo tano, je, hukuwa na mtu uliyekuwa ukimhadithia? Nauliza kwa sababu mimi sikumeza, nilifanya kinyume chake, na nikaharibikiwa vile vile. Nilipokosana na shoga yangu kuhusu pesa za mchezo wa kupeana (upatu), kila usiku nilikuwa nikimtumia rafiki mwengine ujumbe wa sauti, tukilipekua jambo lile lile neno kwa neno, yeye akinitilia mkaa na mimi nikimshukuru kwa kunielewa. Mtafiti Amanda Rose wa Marekani aliandika mwaka 2002 kuhusu marafiki wanaokaa wakilirudia tatizo lile lile kwa pamoja, akaona kwamba huzidi kuwa karibu, na papo hapo huzidi kuwa na wasiwasi na huzuni. Nilijiona katika maneno hayo. Nilikuwa nampenda zaidi rafiki wa usiku, na hasira yangu juu ya shoga yangu ikikua, ilhali mwenyewe kosa hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Basi kama yupo anayekusikiliza, mwache akusikilize mara moja, kisha maneno yaliyobaki yapelekwe kwa mwenyewe.

Mshauri Nasaha:
Mzee wangu, nakubali. Butler huyo huyo na wenzake walionesha mwaka 2007 kwamba madhara ya kuficha hisia ni madogo kwa watu waliolelewa katika maadili ya Kiasia ya kuhifadhi utangamano kuliko kwa wenye maadili ya Kizungu, kwa hiyo mila ina uzito wake. Ninachokihofia kwa vijana ni ule ukimya anaouchukua mwenyewe kuwa ni msamaha.

Mwana wa Wete:
Nawashukuru nyote. Ukhti, alikuwepo mtu, na nimekoma. Nilimwomba ami yangu amwendee, na juzi baada ya sala ya Ijumaa tulikaa watu watatu. Nilianza na mama yake, nikaomba radhi, kisha nikaisema habari ya unga kwa mara ya kwanza. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia kwamba siku ile barazani, katikati ya hadithi, aliingiwa na shaka, akanitazama usoni ili ajue kama anyamaze, akaniona nacheka, ndipo akaendelea.

Chumbani hajarudi, na sikumuomba arudi. Jana usiku alinitumia salamu, nami nimemjibu.