Mfumo upi wa mafaili unafaa kompyuta ya Linux mahali umeme unapokatika mara kwa mara?

Mpigapicha_Tanga
Habari za leo, wakuu. Kompyuta yangu ya mezani ina Linux Mint kwenye SSD ya GB 240, pamoja na diski ya kuzunguka ya TB 1 ninayohifadhia picha za harusi za wateja. Zote mbili nilizifomati kwa ext4, mfumo wa mafaili (yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski), kwa kuwa ndilo chaguo lililokuja lenyewe wakati wa kusakinisha. Juma lililopita umeme ulikatika nikiwa nahamisha picha kutoka kwenye kadi ya kamera; uliporudi, diski ya picha ilikataa kufunguka, na nilipoendesha fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, nikakuta mafaili kadhaa yametupwa kwenye folda ya lost+found, hayana majina ila namba tupu. Nimeshauriwa nihamie Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili. Je, ni kweli ext4 ndiyo iliyoniangusha?

Fundi_Kerneli
Pole sana, ndugu yangu. Ext4, ambayo imehesabiwa kuwa imara tangu toleo la 2.6.28 la kerneli (kiini cha Linux) mwaka 2008, huandika kwanza kwenye shajara yake mabadiliko inayokusudia kuyafanya, ili umeme ukikatika katikati iweze kuisoma shajara hiyo na kurudi katika hali inayoeleweka. Hata hivyo, kwa kawaida shajara hulinda taarifa kuhusu mafaili, yaani majina, folda na mahali yalipo, wala haibebi yaliyomo ndani ya picha yenyewe. Kwa hiyo kupoteza picha iliyokuwa inaandikwa dakika ileile ni jambo la kutarajiwa kwenye mfumo wowote. Diski nzima kukataa kufunguka, na mafaili kuishia lost+found, ni jambo jingine, nami ningeishuku diski yenyewe kwanza. Tafadhali endesha `sudo smartctl -a /dev/sdb`, amri inayoonyesha afya ya diski, ukihakikisha kwanza kwa `lsblk` kwamba sdb ndiyo diski ya picha, kisha utusomee mistari ya Reallocated_Sector_Ct (sekta, yaani vipande vya diski, vibovu vilivyohamishwa) na Current_Pending_Sector (vinavyoshukiwa na bado vinasubiri).

Bi_Shajara
Naungana na Fundi, lakini Btrfs nayo isitupwe kando upesi. Ninaitumia kwenye Fedora, ambayo tangu toleo la 33 la mwaka 2020 huisakinisha kama chaguo la kawaida kwenye kompyuta za mezani, na ninachoipendea ni kwamba kila kipande cha data kina namba ya uhakiki: picha ikiharibika kimyakimya, mfumo hukataa kuisoma na kukuarifu, ilhali ext4 ingekukabidhi picha yenye mistari ya kijivu bila kusema neno. Uelewe tu kwamba kwenye diski moja Btrfs itagundua uharibifu wa picha bila kuweza kuurekebisha, kwa sababu haina nakala ya pili ya kuchota. Tena zile picha za hali (snapshots, yaani kumbukumbu za jinsi mafaili yalivyokuwa wakati fulani) zinazosifiwa sana hukaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, zinakufa nayo. Ubanaji wa zstd, ambao Btrfs hutumia kupunguza ukubwa wa mafaili, nao hautakusaidia, kwani picha za JPEG tayari zimebanwa. Kwako ningebaki na ext4, nikanunua diski ya nje ya nakala rudufu na UPS ndogo (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika).

Mzee_wa_Flashi
Nyongeza fupi kuhusu hiyo diski ya nje. Ikiwa itachomekwa pia kwenye Windows za wateja, fomati kwa exFAT, mfumo wa mafaili unaosomwa na Windows na Linux, maana FAT32, mwenzake wa zamani, haipokei faili moja linalofikia GB 4, na video za harusi hupita hapo. Lakini exFAT haina shajara, hivyo usiichomoe kabla ya kuiondoa kwa utaratibu kwenye kompyuta (eject). Nakala za kudumu ziweke kwenye diski nyingine yenye ext4.

Mpigapicha_Tanga
Nawashukuruni nyote. Nimeendesha smartctl kama nilivyoelekezwa: sekta zilizohamishwa ni 312 na zinazosubiri ni 24. Jana usiku nilisikia pia diski ikigonga nilipofungua folda ya mwezi wa Machi.

Fundi_Kerneli
Basi diski hiyo inakufa; usiendeshe fsck tena juu yake, wala usiandike chochote. Nunua diski mpya, kisha uinakili ile ya zamani yote kwa ddrescue, programu ya kuokoa data ambayo husoma kwanza sehemu zisizoharibika na kuzirudia zile mbovu baadaye. Kagua mafaili kwenye nakala, na hiyo ya zamani iache imezimwa.

Mpigapicha_Tanga
Nimeizima sasa hivi. Diski mpya naifuata kesho asubuhi.