Mrejesho: vile vidudu vinavyoruka kwenye miche yangu, Buswelu

Wakuu, nililalamika kwamba nikimwagilia miche ya hoho kwenye kitalu nyumba, vinatoka vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya ulezi, vinarukaruka juu ya udongo kama viroboto, na miche mingine imelala; nikadhani ni wao. Dawa nilishanunua. Asanteni mlionizuia.

Nilifanya kama mlivyosema: nikazamisha chungu kimoja cha maua ya mama watoto kwenye ndoo ya maji. Dakika chache tu, wakaelea juu kama unga uliomwagika. Nikamtazama mmoja kwa kioo cha kukuzia: miguu sita, mabawa hana, na chini ya tumbo kamkia kenye panda. Ndiko kanakomrusha. Kumbe ndio kolembola wenyewe, vidudu vya udongo wenye unyevu. Chakula chao hasa ni ukungu na vinavyooza.

Chanzo nilikuwa mimi. Mboji ya magugu maji ya ziwani niliichanganya haijaiva, halafu namwagilia asubuhi na jioni. Trei zilinuka uvundo! (Jirani alishasema, nikamwona mjuaji.)

Sasa namwagilia udongo wa juu ukishakauka. Nimemwaga maji ya kwenye visahani, nimeokota majani yaliyooza, nimeongeza mchanga, na mchana nafungua pazia za pembeni. Wiki ya tatu hii, wamebaki wachache, siwahangaikii.

Ila ile miche iliyolala haikuinuka. Shina lilikuwa limeoza pale chini: kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shina la miche, wala si kolembola. Udongo wa trei zile nimeutupa. Dawa bado iko kwenye mfuko wa duka, haijafunguliwa.