Farasi wa 15.2 ni sentimita ngapi? Hesabu yangu inagoma

mchunga_kwato: Wakuu habari zenu. Niko Muscat nafanya kwenye mazizi ya farasi, sasa bosi ananunua wanne toka Uingereza na karatasi zao urefu umeandikwa kwa hendi, wa kwanza 15.2hh, halafu fomu ya msafirishaji inataka sentimita. Nikagugo nikaona hendi moja ni 10.16, nikazidisha nikapata 154.4 nikajaza. Daktari wa mifugo wa kule kampima kapata 157 na nusu, sasa hapa naonekana mimi ndo nimemfupisha farasi wa watu. Nimekosea wapi?

Fundi Rula: Hiyo nukta ndo imekupiga chenga, siyo desimali. Hendi moja ni inchi 4, kwahiyo namba ya baada ya nukta ni inchi zilizobaki, inaenda 0, 1, 2, 3 basi, ukitoka 15.3 unaingia 16. Wa kwako ni 15 × 4 = 60, ongeza 2 unapata inchi 62, zidisha kwa 2.54 ni 157.48. Daktari yuko sahihi, pole sana.

binti_wa_pwani: Kumbe! Mi nilijua hendi ndo shubiri 😂

Fundi Rula: @binti_wa_pwani hapana dada, shubiri unatanua vidole toka gumba mpaka cha mwisho, ni kama inchi 9, farasi wa shubiri 15 angekaribia mita 3 na nusu huyo si twiga? Hendi ni upana wa kiganja ukihesabu na gumba. Na wanapima toka chini mpaka ule mwinuko wa mabegani shingo inapokutana na mgongo, kichwa hakimo, maana farasi hatulii akainua kichwa ukamsubiri.

Saisi Mstaafu: Ongezea kitu kimoja kijana, uliza kama kapimwa na viatu vya chuma au bila. Kwenye mashindano ya kimataifa poni, yaani farasi wa aina ndogo, mwisho wake sentimita 148 bila viatu, akivaa wanamruhusu 149, kwahiyo hata sentimita moja watu wanagombana. Na asimame sakafu iliyonyooka, sio kwenye mchanga.

mchunga_kwato: Asanteni sana, nimerudia yote. Wa 14.1 katoka 144.78, wa 16.1 katoka 165.1. Sasa wa nne wameandika 15.5, nikifanya hivyo inchi 5 si inakuwa hendi nyingine tena, yaani 16.1?

Fundi Rula: Usijaze! 15.5 haipo. Aliyeandika huenda alimaanisha kumi na tano na nusu, ambayo ni 15.2, tena sawa na yule wa kwanza, au kidole kiliteleza tu. Mwambie muuzaji akutumie inchi tupu.

mchunga_kwato: Kajibu. Inchi 61 😩

Fundi Rula: 15.1 hiyo. Andika 154.94.