GeoNode: Python, Java, JavaScript na SQL kwenye ramani moja, kwa nini?

mto_karanga (Moshi)
Wakuu, tunaweka mtandaoni ramani ya mifereji ya asili ya kata tatu kwa kutumia GeoNode (programu huria ya kuchapisha ramani mtandaoni). Seva ina RAM ya GB 4. Naweza kutoa Java nibaki na Python tu? Halafu mifereji yote imepanda kaskazini kama mita 300 ukilinganisha na picha ya setilaiti.

fundi_njiro (Arusha)
Java huitoi, mkuu. Django, ambayo ni Python, haichori ramani; inashika watumiaji, ruhusa na maelezo ya leya (tabaka za ramani). Fuatilia faili moja uone. Unapandisha zip, Django inaipokea na kumwachia Celery (inayofanya kazi nzito pembeni) ili ukurasa usigande. ogr2ogr, kigeuzi cha faili za ramani cha maktaba ya GDAL (hiyo ni C++), inaingiza data PostGIS, hifadhidata ya ramani inayoongea SQL, kisha GeoServer (hiyo ni Java) inaambiwa kwa HTTP ichapishe jedwali. Kuanzia hapo picha ya leya inachorwa na Java. JavaScript, yaani MapStore, iko kwenye kivinjari, inapanga picha hizo na vitufe.

Kwa sehemu kubwa lugha hizi zinaongea kwa HTTP na majedwali, kwa hiyo kinachovunjika mara nyingi ni anwani. Ukibadilisha domeni huku SITEURL (anwani ya tovuti kwenye mipangilio) imebaki ya zamani, kuingia GeoServer kunagoma: anwani ya kurudi ya OAuth2 (utaratibu wa kuingia kwa akaunti ya GeoNode) hailingani. Watu wanachimba msimbo wa programu siku mbili, kumbe ni mstari mmoja.

Python na C++ ndizo zinazogusana uso kwa uso. Kama hutumii Docker, andika `pip install GDAL==$(gdal-config --version)`. Matoleo yakipishana, usakinishaji unakwama.

leya_ya_pili
Hizo mita 300 ni Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali. Data ya EPSG:21037 (namba ya Arc 1960, UTM 37S) imesomwa kama 32737 (UTM 37S ya WGS 84, mfumo wa GPS). Usiisogeze kwa mkono:

`ogr2ogr -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:4326 mpya.shp zamani.shp`

Na ukija kuandika JavaScript yako, GeoJSON (faili la ramani la maandishi) inaanza na longitudo, Leaflet (maktaba ya JavaScript ya ramani) inaanza na latitudo. Ukizipindua, Moshi (-3.35, 37.34) inahamia Uhispania, jirani na Granada.

fundi_njiro (Arusha)
Nimesahau RAM. GB 4 ni kujitesa. Kumbukumbu ikiisha, Linux inaua mchakato mnene, na hapo mara nyingi ni Java. Utaona ukurasa unafunguka vizuri, orodha ya leya ipo, ila ramani nyeupe: Python iko hai, mchoraji kafa. Kama ni leya moja isiyohaririwa mtandaoni, achana na GeoNode kabisa. Toa GeoJSON kwenye QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), weka Leaflet, seva ya wavuti nginx inatosha.

mto_karanga (Moshi)
Asanteni wakuu. Ila .prj (faili linalotaja mfumo wa data) inasema WGS_1984_UTM_Zone_37S, ingawa mistari ilifuatishwa kwenye karatasi za 1:50,000.

leya_ya_pili
Karatasi hizo ni Arc 1960, .prj ndiyo inayodanganya. Endesha amri hiyo hiyo, -s_srs inaipuuza hiyo .prj.